Siku Kumi na Nne za Kuhesabiwa: Kutoka Malindi Hadi Bologna

Jumapili, 2 Novemba 2025, Malindi

Begi ni dogo, faili ndilo kubwa. Mke wangu amelipima mkononi akasema ni zito kuliko mkate wa sinia.

Nimepika kwenye hoteli za Malindi miaka ishirini na miwili, na zaidi ya nusu ya niliowalisha ni Wataliano. Kitaliano changu nilikiokota humo humo jikoni, baina ya moshi na kelele. Wa huku mwajua, mjini kwetu hata muuza mabuyu atakuhesabia chenji kwa Kitaliano. Hawa watu si wageni wa jana: tangu miaka ya sitini wakirusha setilaiti kutoka baharini pale Ngomeni. Ila mimi kwao sijapata kufika. Siku hizi nina mkahawa wangu, mabenchi manne na meko mawili, na kuna mzee mmoja na bibi yake wa Bologna, wateja wangu wa kila msimu, walioniambia mwaka jana: safari hii zamu yako.

Zamu yao ni nyepesi. Kenya iliondoa viza Januari 2024, ikaweka kibali cha mtandaoni kinachoitwa eTA. Mzee alikijaza kwa simu akiwa kwenye kochi lake, akalipa dola 30, baada ya siku chache kikajibiwa. Zamu yangu ndiyo yenye faili.

Wala si mara yangu ya kwanza kuomba. Mwaka 2019 niliomba viza ya nchi nyingine ya Ulaya, siitaji, nikanyimwa. Fomu ya kunyimwa ni moja kwa nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja: sababu zimepangwa, kila moja na kisanduku chake, wao hutia alama tu. Yangu ilitiwa penye shaka kwamba mwombaji ataondoka kabla viza haijaisha. Kwa lugha ya kwetu: hatuamini utarudi. Niliumia. Lakini nami niseme kweli yangu. Shemeji yangu, kwa nia njema kabisa, alikuwa amenitilia laki mbili kwenye akaunti wiki moja kabla, ili inenepe. Mtu anayesoma taarifa za benki kutwa kucha huijua pesa ya kuazima kama mpishi anavyomjua samaki wa juzi.

Safari hii hakuna aliyenitilia kitu. Kwa miezi sita nimepeleka benki mauzo ya mkahawa kila Ijumaa, elfu tatu, elfu tano, wiki ya mvua mia nane. Akaunti imekonda, lakini ni yangu.

Jumatatu, 3 Novemba, njiani

Matatu ya alfajiri hadi Mombasa, kisha Miritini kungoja treni ya saa tisa. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Nyumbu sikuwaona, nilikuwa nimeinamia faili.

Nilikuwa nikilikagua mara ya mwisho, na abiria wa kando yangu, mama mtu mzima aendaye Nairobi kumwona mjukuu, akawa anauliza kila karatasi ni ya nini. Nikamweleza. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, inayolipa hospitali na pia kurudishwa nyumbani. "Kurudishwa mzima?" akauliza. Nikamwambia mzima au maiti, bima haichagui. Akasema astaghafiru, akanipa kashata.

Kisha barua ya mwaliko, yenye sahihi ya mzee na nakala ya kitambulisho chake. Tiketi nimewekewa nafasi tu ya kwenda na kurudi, sijailipia. Kulipa kabla ya viza ni kucheza kamari. Na pesa. Kwenye hili Italia wana jedwali lao la mwaka 2000 linalosema mgeni awe na kiasi gani, na ajabu ni kwamba limeandikwa mpaka senti. Aendaye peke yake kwa siku 11 hadi 20 anatakiwa yuro 51.64 za mkupuo, halafu yuro 36.67 kwa kila siku. Siku zangu ni kumi na nne. Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya unga: yuro 565 na senti mbili. Hizo ninazo na zaidi kidogo. Watu wengi huku hudhani lazima uonyeshe mamilioni, ndipo mashemeji wanapoingia.

Kilichonitoa jasho si hayo. Ni ushahidi wa kurudi. Wanataka karatasi inayoonyesha kuna kitu kimekufunga kwenu. Ninayo leseni ya biashara ya kaunti, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu, karatasi ya kodi. Hati ya shamba sina. Shamba tunalo, huko Ganda, minazi alipanda babu na mikorosho akaongeza baba, na wote wawili wamezikwa humo. Lakini kwenye karatasi mwenyewe ni mtu ambaye hatujapata kumwona kwa macho. Haya ya Pwani, nani atamweleza afisa wa viza? Nimetia barua ya chifu inayosema familia yetu yaishi pale. Haina nguvu ya hati, lakini ina muhuri.

Jumanne, 4 Novemba, Nairobi

Maombi hayapokelewi ubalozini, yanapokelewa na kituo kilichopewa kazi hiyo. Kuamua wanaamua wenyewe ubalozini. Jambo hili watu hulichanganya, wakagombana na binti wa dirishani ambaye kazi yake ni kupanga karatasi.

Miadi yangu ilikuwa saa tatu na nusu. Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hapo awali ilikuwa 80. Watoto wa miaka sita hadi kumi na moja hulipa nusu, wadogo zaidi hawalipi. Juu yake kuna ada ya kituo. Ukinyimwa, ya viza hairudi. Nililipa kama anayetupa sarafu baharini, sikutazama inapoangukia.

Halafu vidole. Kuna mashine ndogo, kioo chenye mwanga wa kijani, unaweka vidole vinne vya kulia, vinne vya kushoto, kisha gumba mbili. Nikaweka. Ikalia. Nikaweka tena, ikalia tena. Yule binti akasema, "Baba, bonyeza kidogo."

"Nimebonyeza, mwanangu."

Akavishika vidole vyangu akavigeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole vyangu ni laini kama kijiko. Miaka ishirini na miwili ya ndimu, chumvi, sufuria isiyo na kishikio na kisu kinachotambaa. Kidole cha shahada kina kovu la mafuta lililofuta mistari yote katikati.

"Unafanya kazi gani?"

"Mpishi."

"Ah. Wapishi na mafundi wa simiti ndio mnaonimaliza."

Akanipa karatasi yenye unyevu nijipanguse, akanambia nifikiche mikono ipate joto. Watu wa foleni wakanitazama nikifikicha kama aotaye moto. Mara ya tano ikakubali. Akanieleza kwamba alama hizi huhifadhiwa, na kwa miezi 59 naweza kuomba tena bila kutolewa upya. Zile za 2019 zilikuwa zimepitwa na muda. Aliponiuliza kama nimewahi kunyimwa nikasema ndiyo, na kwenye barua yangu nimeeleza. Kuna kijana aliyenishauri huko nje nifiche. Ya nini? Uongo mmoja ukigunduliwa, karatasi zote za kweli zinageuka kuwa za uongo nazo.

5 hadi 20 Novemba

Kungoja. Sheria inasema siku kumi na tano, zinaweza kufika arobaini na tano. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku kumi na tano. Nilirudi kupika. Mke wangu akanikataza kukamua ndimu. "Waachie vidole vikue," akasema, na kila usiku akanipaka mafuta ya nazi kama mtoto mchanga.

Ijumaa, 21 Novemba

Pasipoti imeletwa kwa bahasha. Niliifungulia nyuma ya mkahawa, peke yangu, maana mara ya kwanza niliifungua mbele ya watu.

Stika imo. Ukurasa mzima, inang'aa ukiigeuza. Jirani yangu, fundi wa friji, akaisoma akapiga kelele: "Umepewa mwezi! Kumi na moja Januari mpaka nane Februari!"

Sikupewa mwezi. Hili ndilo shimo wanamotumbukia wengi, kwa hiyo nilieleze polepole. Stika ina tarehe mbili na namba moja. Tarehe mbili ni mlango: umefunguliwa tangu 11 Januari, utafungwa 8 Februari. Namba ni siku unazoruhusiwa kukaa ndani ukishaingia, na yangu ni 14. Zile siku kumi na tano za ziada ni nafasi ya safari kusogezwa, ndege ikiahirishwa au mtu akiugua. Si za kukaa. Na siku ya kuingia yahesabiwa, siku ya kutoka yahesabiwa pia, hata ukiingia saa sita kasoro usiku. Nikiingia tarehe 11, siku yangu ya mwisho ni 24. Wenye viza za muda mrefu nao wana hesabu yao, siku 90 ndani ya kila siku 180, wala hazianzi upya kwa kutoka siku moja na kurudi.

Kuna na namba nyingine ndogo, 01. Maana yake mlango nautumia mara moja. Mtoto wa ami yangu aliye London alipopata habari akapiga simu: "Pitia basi kwangu, ni saa mbili tu kwa ndege!" Nikamwambia kaka, nchi za Schengen ni 29 na Uingereza haimo, Ayalandi nayo haimo. Viza ya kwako ni nyingine. Na nikitoka kuja kwako, ile 01 imekwisha, sirudi Bologna. Akanuna. Alidhani Ulaya ni moja.

Jumamosi, 10 Januari 2026

Januari ni msimu wa embe, na mke wangu alikuwa amepanga embe kumi na mbili ndani ya nguo. Zikatolewa moja moja. Matunda mabichi kuingia Ulaya yataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Nani aliyechagua matano hayo sijui, lakini Mpwani hakuonewa. Tukatia nazi nne. Nyama na maziwa ni marufuku kabisa, nikamwambia mke wangu hata mbuzi wa kukunia nazi abaki, wasije wakamsoma vibaya. Alicheka mpaka akakaa.

Jioni uwanja wa ndege wa Mombasa. Afisa wetu wa uhamiaji akafunua stika, akaniuliza naenda kwa nani, narudi lini, akagonga muhuri. Addis Ababa nilibadilisha ndege bila kutoka uwanjani.

Jumapili, 11 Januari, Roma

Uwanja wa ndege wa Fiumicino, alfajiri, na viatu vyangu vya Malindi.

Karatasi zote nilikuwa nazo mkononi, si kwenye begi lililo tumboni mwa ndege. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni. Anayefungua ni afisa aliyekaa pale, na anaweza kukuuliza upya kila kitu: tiketi ya kurudi, bima, mwenyeji, pesa. Mbele yangu kijana mmoja aliambiwa aonyeshe anakolala, akawa anatafuta kwenye simu isiyo na chaji.

Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa mpakani, wa kompyuta. Unapigwa picha ya uso, na sisi wenye viza vidole vyetu vinalinganishwa na vile vilivyotolewa wakati wa kuomba. Kompyuta ndiyo itakayohesabu siku, na baada ya kipindi cha mpito mihuri itakoma. Nilipopita mimi walikuwa wanafanya yote mawili.

Nikaweka vidole. Ikalia. Nikahisi jasho mgongoni katika baridi ile. Nikafikicha, nikapuliza, nikaweka tena, kimya, halafu taa ya kijani. Mafuta ya nazi hayo.

Afisa akaniuliza kwa Kiingereza nakaa siku ngapi, nikamjibu kwa Kitaliano. Akainua uso.

"Kitaliano umejifunzia wapi?"

"Jikoni. Malindi."

Akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akagonga. Nilipofika mbali nilisimama kando nikautazama ule muhuri. Ni mstatili wenye pembe kali. Juu kushoto herufi I imezungukwa na nyota, katikati tarehe, na upande wa kulia kamshale na kandege. Wino ulikuwa bado haujakauka, nikapuliza.

Treni ya moja kwa moja hadi Termini, stesheni kuu ya Roma, ni yuro 14. Nilipoangalia kwa shilingi nikajuta kuangalia. Halafu treni nyingine hadi Bologna, mzee akinisubiri na koti mkononi.

Jumatatu, 12 Januari, Bologna

Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwao hata hiyo ya tatu haifiki: mwenyeji akimlaza mtu wa nje nyumbani kwake, sheria yampa saa 48 kuarifu mamlaka. Mzee alikuwa ameshajaza fomu, jina langu, namba ya pasipoti, anwani ya nyumba. Akawa anaomba radhi, ameona haya. Nikamwambia asijali, kwetu balozi wa nyumba kumi angejua kabla ya fomu. Ningelala hotelini, hoteli ingearifu yenyewe. Na kwa kuwa nimeingia Italia moja kwa moja kutoka nje ya Schengen, ule muhuri watosha kuwa tangazo langu. Mtu aliyepitia Ufaransa, kwa mfano, akafikia kwa jamaa, ana siku nane za kwenda kujitangaza mwenyewe.

13 hadi 22 Januari

Bologna ina varanda za nguzo, kilomita 62 ukizijumlisha zote, unatembea mji mzima bila kunyeshewa. Ningeweka mabaraza ya saruji humo ndani, na wazee wa bao. Wao wanapita tu, haraka.

Venisi tulikwenda siku moja. Mji ule umeanza kuwatoza wageni wa mchana ada ya kuingia, tangu 2024, lakini ni kwa siku maalumu za msimu wa joto. Januari nilipita bure, na ukungu.

San Marino nayo. Ni nchi kamili, haimo Schengen, lakini mpakani hakuna mtu, barabara yapanda tu mlimani. Ofisi ya watalii hukugongea muhuri wa kumbukumbu kwa yuro 5. Nilitamani, wallahi. Nikakumbuka vidole, binti wa kituo, barua ya chifu, nikasema pasipoti yangu isichezewe. Nikanunua kadi ya posta.

Nazi nilizipika siku ya tano. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, wageni kumi na moja mezani. Mbuzi hakuna, nikakunia kwenye kikwangulio cha jibini, nikajikwangua na kidole cha shahada. Bibi wa mzee akaleta plasta, mimi nikawa naangalia ni upande gani, maana kuna mashine ya kutokea.

Jumamosi, 24 Januari, Roma

Siku ya kumi na nne. Ndege inaruka saa tano na dakika kadhaa usiku, na tangu asubuhi nilikuwa na neno moja kichwani: saa sita. Mzee akanituliza, kwamba kutoka ni pale unapopita kwenye pasipoti, si pale ndege inaponyanyuka. Hata hivyo saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimeshasimama kwenye foleni ile, nje ya duka la jibini, bila kununua chochote.

Vidole vikakubali mara ya kwanza, plasta ikiwa imetolewa. Afisa hakuuliza hata neno. Muhuri wa kutoka nao ni mstatili, ila pembe zake zimeviringwa, kama zimelambwa. Nikakaa saa tano kwenye kiti cha chuma, nimetulia kuliko siku zote kumi na nne.

Jumapili, 25 Januari, Malindi

Addis, Mombasa, muhuri wetu, matatu. Daraja la Kilifi nililipita na jua linazama upande wa bara, dirisha wazi, harufu ya chumvi.

Nyumbani watoto walitaka chokoleti, wakapata. Mke wangu alinitazama nikitoa vipande vya pasi za ndege, vya kwenda na vya kurudi, na nakala ya ukurasa wenye mihuri miwili, nikavitia kwenye bahasha ya kaki. Bahasha nikaiweka ndani ya sanduku la bati, pamoja na vyeti vya watoto na barua ya chifu.

"Hiyo nayo ya nini?"

"Hati ya shamba," nikamwambia.

Akafunga sanduku, akanipa ndimu nikamue.